Zamu ya Khalayi

Mkono wa Khalayi ulikuwa juu tangu saa nne. Sasa ilikuwa inakaribia saa sita, na mwenyekiti Ng'ang'a alikuwa ameona mikono yote ukumbini isipokuwa wake.

"Teremsha, mama," mzee mmoja nyuma yake akamtania. "Ama umekuja kupungia ndege?"

"Siteremshi. Mungu anauona, hata kama huyu amefumba macho."

Hakuja kunywa soda ya mkutano. Mume wake, Nabiswa, alikuwa na saratani ya koo. Alitakiwa kuchomwa kwa mashine ya miale siku thelathini, ng'ambo ya pili ya jiji. Siku ya tisa alirudi nyumbani, mtaa wa Tena, akitapika ndani ya kopo, akajilaza, akasema hapandi gari tena. "Mashine ikija hapa jirani, Umoja, nitaenda hata kwa kutambaa. Ikibaki kule, niacheni."

Mashine mpya ilikuwa njiani. Leo wananchi waliitwa waseme iwekwe wapi, maana sheria inataka wasikizwe kwanza. Kamati ilipendekeza kule kule ng'ambo, kando ya ile ya zamani. Khalayi alimwahidi mumewe kwamba atasimama akatae.

"Nachukua mmoja wa mwisho," Ng'ang'a akasema. "Yule mama wa leso nyekundu."

Mama wa leso nyekundu hakuwa ameinua mkono. Aliinuka tu, akapokea kipaza sauti.

"Naitwa Mama Jacky, mkazi wa hapa hapa Umoja, na leo mtanisikia! Nyinyi mnakalia viti vya kuzunguka, sisi tunazika! Bwanangu nilimzika akiwa na kilo thelathini. Mnajua kubeba mtu mzima mgongoni kama mtoto? Kila kizuri ni cha upande ule. Huku mnatuletea nini? Pole!"

"Waambie, mama!" Ukumbi ukalipuka.

Khalayi akashusha mkono, akapiga makofi huku machozi yakimtoka. Kila neno lilikuwa lake. Asante Bwana, akasema moyoni, umemtuma mwenye kinywa kuliko mimi.

"Sitoki hapa!" Mama Jacky akagonga meza ya wakubwa kwa ngumi. "Kama lazima mashine ikae kule, basi tupeni gari la kubeba wagonjwa wetu! Bila gari, hakuna mtu anapita huo mlango!"

"Gari! Gari!" watu wakaimba, wakigonga viti.

Ng'ang'a akainua mikono kama mtu aliyeshindwa vita. "Haya, mmetuweza. Karani, andika: wakazi wa Umoja na Tena wamekubali mashine ikae kule, mradi wapewe gari. Tufunge kwa maombi."

"Hapana!" Khalayi akaruka. "Nani amekubali? Mgonjwa wangu hawezi gari! Andika hapana!"

"Tuombe," Ng'ang'a akasema, na kichwa chake kikainama.

Vichwa vyote vikainama. Khalayi hakuwahi kukatiza maombi maishani mwake. Akafumba macho, akauma meno, akangoja. Maombi yakapita kwa wagonjwa, kwa wajane, kwa viongozi mmoja mmoja. Alipofumbua macho baada ya Amina, meza ya wakubwa ilikuwa tupu, na daftari la karani halipo.

Akatoka mbio akiwasukuma watu, damu ikimchemka. Hakuwa na ugomvi na Mama Jacky. Mwenye uchungu huteleza ulimi. Wangerudi wote wawili, mjane na mke wa mgonjwa, wadai neno lile lifutwe. Nani angewakatalia?

Akamwona nyuma ya ukumbi, ameinama kwenye dirisha la gari la Ng'ang'a, anajifuta jasho kwa ile leso. Khalayi akakaza mwendo, mkono tayari umenyooka kumshika bega.

"Sawa, mkubwa," Mama Jacky alikuwa akisema. "Na kesho kwenye mkutano wa Makadara, nimezika nani?"