Boti Iliyolalia Upande wa Bi Sikudhani

Boti ya kifahari iliyobeba wageni wa harusi ilikuwa imeshika kasi, nayo ikilalia upande wa kulia. Nahodha Kombo aligeuka, akamwona Bi Sikudhani, shangazi wa bibi harusi, amekaa upande huo na unene wake.

"Mama, hamia kushoto, utatuzamisha!"

Wageni wakaangua kicheko. Bi Sikudhani akainuka taratibu, akavuka akishikilia viti vya watu. Boti ikabaki vilevile, imelala.

Hapo ndipo Kombo alipozitazama swichi za vibao vya nyuma, vile vinavyoiweka boti sawa ikiwa mwendoni. Kibao cha kushoto kilikuwa chini kabisa, kikiinua upande huo na kuilaza boti kulia. Alikishusha mwenyewe walipotoka gatini, akasahau kukirudisha. Akabonyeza, kibao kikapanda, boti ikakaa sawa. Hakuna aliyejua ila yeye, na aibu ikamjaa hadi masikioni.

"Mama, nisamehe," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kosa lilikuwa langu, si lako. Rudi ukae."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Endesha tu, baba," alijibu Bi Sikudhani bila kugeuka. Alibaki amesimama, mikono yote miwili imeng'ang'ania ukingo, kana kwamba boti bado imelala.