Aliyetishia Kuvunja Watu Miguu

“Amesema ataanza na miguu,” ilisema sauti ya mkuu wa chuo kwenye simu. “Akimaliza miguu, anahamia kichwani. Kwa pasi ya mkaa.”

Warda alikuwa jikoni kwake Shangani, Mtwara, mikono imejaa unga wa maandazi hadi viwikoni. Simu aliibana kwa bega.

“Amemwambia nani?”

“Bweni zima! Kisa, mtu kakalia godoro lake. Watoto wa watu jana wamelala darasani kwa woga. Wewe si ndiye uliyeandikishwa hapa kama mzazi au mlezi?”

“Ndiye mimi,” alisema Warda kwa sauti ndogo.

“Basi kesho asubuhi njoo useme naye mbele yangu. Akiomba radhi, yamekwisha. Asipoomba, anafungasha virago anarudi nyumbani.”

Mumewe Asadi alikuwa anavaa viatu aende zamu bandarini. Katika maneno yote yale yeye alisikia moja tu, akaacha kiatu kimoja sakafuni.

“Anarudi wapi?”

“Hapa.”

“Warda, mimi ni mtu mwema na ninasali. Lakini likizo iliyopita alifukuza mfanyakazi, akanuniana na mtaa mzima, na akatangaza kwamba mchuzi wako hauliki. Nilikula bandarini mpaka mama ntilie akadhani nimefiwa. Akirudi, mimi nahamia kwenye kontena.”

Warda hakucheka. Alikuwa anaikumbuka siku ya kumpeleka kwenye kile chuo cha ufundi, njia ya Mpapura. Jinsi alivyolilia kusoma ushonaji. Jinsi alivyoivaa sare mbele ya kioo akajigeuza huku na huku, akicheka kicheko ambacho Warda hakuwahi kukisikia kwake. Kweli mdomo anao, na mdomo wenyewe mkali kuliko mkasi. Lakini kumtoa kwenye cherehani sasa ni kumvunja moyo kabisa, na nafasi nyingine haitapatikana. Hilo ndilo lililomuuma Warda kuliko aibu.

Akaosha mikono, akavuka uwanja kwenda kwa Maria, mwalimu aliyehamia Mtwara mwezi uliopita kutoka Songea, na ambaye tayari alikuwa na jibu la kila tatizo la mtaa.

“Kumpiga, hapana,” alisema Maria akikunja vidole kimoja kimoja. “Kumfokea, hapana. Kumtetea ndiyo hapana kabisa. Vitisho ni vitisho hata vikisemwa kwa mzaha, na wale wanaotishwa nao wana wazazi wao. Mwangalie machoni, mwambie: nakupenda, lakini hili sikubali. Basi. Tatizo la wazazi wa siku hizi mnawaogopa watoto wenu.”

Warda alifungua mdomo kumweleza jambo, kisha akaufunga. Yangekuwa maelezo marefu, na Maria angecheka.

Kesho yake, njia nzima ya kwenda chuoni, alifanya mazoezi mgongoni kwa dereva wa bodaboda. “Nakupenda, lakini hili sikubali. Nakupenda, lakini hili sikubali.” Dereva akapunguza mwendo, akatengeneza kola ya shati, akamwomba radhi kwa shimo la barabarani walilotoka kulipita.

Mkuu wa chuo, Bwana Godfrey, kijana mwenye tai nyembamba, alimpokea kwa mikono miwili. Ofisi ilikuwa yake, lakini alikwenda kukaa kwenye kiti cha wageni, kile cha karibu na mlango.

“Dada Warda, mimi nimeshamwita mara nyingi,” alinong'ona. “Kila nikimwita, anayeishia kuomba radhi ni mimi. Juzi kanituma maji ya kunywa, nikaenda.”

“Ukaenda?”

“Hata sijui ilikuwaje. Nilishtukia nimeshika jagi.”

Warda akataka kuuliza zaidi, lakini nje zilisikika ndala zikija taratibu, za mtu asiye na haraka wala hatia. Bwana Godfrey akakaa wima.

Mwanafunzi akaingia na sketi yake ya bluu, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Akaizunguka meza, akaketi kwenye kiti kikubwa cha mkuu wa chuo bila kukaribishwa. Ile pasi ya mkaa akaiweka mezani, juu ya karatasi za watu.

Warda akasimama. Alikuwa na hasira, hasira ya kweli, kwa sababu wapo wasichana waliolala juu ya madawati kwa ajili ya godoro moja. Akamfikiria Asadi ndani ya kontena. Akaifikiria ile sare mbele ya kioo. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kumaliza sentensi mbele ya macho yale, lakini leo, aliapa, ataimaliza.

“Nakupenda,” alianza, na sauti haikutetemeka.

Mwanafunzi akainua mkono kumnyamazisha. “Ndivyo unavyoanza? Bila salamu?”

Magoti ya Warda yakakunjika yenyewe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu,” akajibu mwanafunzi, kisha akawatazama wote wawili. “Haya, kaeni chini mnieleze mmefanya nini.”