Ncha ya Mkongo

"Usiguse ncha kamwe," nilimwambia mwenzangu siku ya kwanza nilipomfundisha kazi ya mkongo, waya wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga. Jasho la kidole likiigusa tu, mwanga haupiti.

Siku ya uzinduzi alipanda jukwaani na suti mpya, eti ndiye aliyeunganisha vyuo vyote vya nchi. Mimi niliyetandaza mkongo huo miaka sita nikaachwa chumba cha mitambo, nisubiri kuambiwa nichomeke ncha ya mwisho.

Wivu ukanishika. Nikaibana ncha kwa kidole gumba, nikasugua.

Sauti yake ikatoka kwenye spika: "Kazi hii yote ni ya dada yangu, aliyenifundisha. Atuwashie yeye mwenyewe. Dada, chomeka!"

Makofi yakavuma. Nikapapasa meza nikitafuta kitambaa cha kusafishia ncha.

Kilikuwa kimoja tu. Asubuhi nilimpa afutie miwani.