Jina na Kinyota

Picha pekee ya marehemu mwanangu Yeremia, ya mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa pale Kidete, ilisombwa na mafuriko ya mto Mkondoa. Mjukuu wangu aliwahi kuiingiza kwenye kompyuta. Sura ya mwanangu ilikuwa imeanza kunipotea, nikamwomba aitafute.

Akaandika Yeremia na kinyota mwishoni. "Kinyota maana yake chochote kinachoanza na jina hilo, Bibi."

Kompyuta ikajibu: Yeremia*

"Si huyo!" nikapiga kigelegele. "Fungua basi nimwone."

Mjukuu akanishika mkono. "Bibi, isipokuta kitu hurudisha yaleyale niliyoandika."

"Iulize tena, mama. Labda haikusikia."

Akaiuliza. Jina likarudi lilelile, na kinyota chake. Nikakisogelea kioo mpaka pumzi yangu ikakitia ukungu, nikaufuta kwa upindo wa khanga, taratibu, kama ninayemfuta mtoto uso.