Anayetufuata Kichochoroni

Lile jitu lenye koti refu lilikuwa nyuma yao tena.

Msusi hakugeuka. Alimminya mdogo wake mkono, akaendelea kutembea. Wanawake wa mtaa walisonga pamoja kichochoroni, mabati kushoto, mabati kulia, mtaro katikati: wauza mboga, wafua nguo, na mama mkwe wake msusi na vifuniko vyake viwili vya sufuria. Hivyo ndivyo walivyosindikizana kila alfajiri hadi barabara kuu, tangu mdogo wake msusi alipovutwa gizani, akarudi nyumbani bila kiatu na bila sauti.

Leo ndiyo mara ya kwanza binti huyo kutoka tena kwenda kiwandani. Na leo hii jitu nalo limo!

"Tukisimama, linasimama," mama mkwe alinong'ona. "Tukikaza mwendo, nalo mbio."

"Kwani kituoni walikwambia nini?" msusi aliuliza.

"Eti tutulie. Askari ameshaletwa, na kila siku anaripoti kuwa njia ni shwari."

"Askari gani? Mbona hatujamwona hata kivuli?"

Walipokata kona wakajibanza. Jitu lilipotokeza, filimbi zikalia, vifuniko vikagongana, ndoo ya maji ikamwagwa. Likateleza, likakaa kitako mtaroni, mikono kichwani.

"Msiniue! Nina mama mimi!"

"Unatufuatia nini?" msusi alifoka, chanuo ameliinua kama panga.

"Naogopa," likasema jibaba lile, machozi yakilitoka. "Humu giza ni nene, dada zangu. Nikiwa peke yangu miguu inagoma. Nyie mkiwa mbele, angalau."

Mama mkwe akaangua kicheko hadi akashika bati asianguke.

Mdogo wake msusi hakucheka. Aliyatazama magoti ya yule mtu yalivyokuwa yakitetemeka. Magoti ya namna hiyo aliyajua. Akamnyooshea mkono.

"Inuka, kaka. Pita katikati yetu. Usiangalie pembeni, we vuta pumzi tu."

"Mwanangu, dume zima hilo!" mama mkwe alisema.

"Anaogopa, mama."

Wakamweka katikati, wakampa na filimbi. Msusi alitembea nyuma yao, akisikiliza. Sauti ya mdogo wake, aliyodhani haitarudi tena, ilikuwa ikimbembeleza jitu hilo hatua kwa hatua, mpaka wakaibukia kwenye mwanga wa barabara.

"Haya, tukuache wapi?" binti akauliza.

"Hapa hapa pananitosha."

Akavua koti, akalikung'uta matope. Ndani alikuwa na sare ya polisi iliyopigwa pasi, kirungu kiunoni. Akavaa kofia, akasimama wima kwenye mdomo wa kichochoro.

"Nendeni salama, dada zangu, njia hii nailinda mimi," akasema. "Jioni mtanipitia saa ngapi?"