Kikapu cha Marehemu

Kitu cha kwanza Theresia alichokiona ni shingo ya mjomba wake. Haikugeuka.

Kanisa zima liligeuka. Katekista Danieli alikuwa amesoma "Elia Vicenti" katikati ya majina ya marehemu, na kila aliyemfahamu Mama Elia, mama yake Theresia, pale mtaani Chuno alimtazama kwa mshangao. Elia si yu hai? Si yuko kwa bibi yake Nangade, ng'ambo ya Ruvuma? Mjomba Petro peke yake alibaki kuitazama altare. Akajibu taratibu, kama anayeitikia salamu:

"Apumzike kwa amani."

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwaka, siku tatu baada ya Krismasi. Siku hiyo vikapu viwili huwekwa mlangoni mwa kanisa. Kimoja hutiwa majina ya ndugu wazima walio mbali, kingine majina ya marehemu. Mama hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo karatasi zote mbili aliziandika Theresia, aliyeishia darasa la nne.

"Umeniulia mtoto!" mama alifoka walipofika nyumbani. "Sikukuu hata haijapoa, umeniulia mtoto mbele za watu!"

Theresia alikuwa binti wa kujibu kwa kichwa, na siku hiyo hata kichwa hakikutikisika.

Ukutani yalining'inia mashati matano. Kila Krismasi mama alimshonea Elia shati la sikukuu, akilipima kwa mtoto wa jirani ili lizidi kidogo lile la mwaka uliopita. La kwanza lilikuwa la mtoto wa miaka minne. Upepo ulipopita dirishani yalijaa, yakatulia, yakajaa tena, kana kwamba kuna mtu ndani anavuta pumzi.

"Hodi humu! Nasikia siku hizi mnazika kwa karatasi?"

Alikuwa Bi Sharifa, jirani, amerudisha sahani ya pilau ya Krismasi. Hakuirudisha tupu, aliijaza korosho za kukaanga.

"Msamehe, shoga. Katumbukiza karatasi kwenye kikapu sicho. Kwani ajabu? Mimi juzi nimetia sukari kwenye mchuzi wa pweza. Mume wangu kala mpaka kamaliza, ananiambia leo umepatia."

Mama alitaka kununa, kicheko kikamponyoka.

"Na huyu binti yako naye," Bi Sharifa aliendelea. "Krismasi watu wote tuko Shangani, watoto wanaogelea, yeye yuko hapa analinda sufuria. We Theresia, bahari inang'ata?"

Kicheko cha mama kilikatika ghafla. Alikuwa anawaza jambo jingine.

"Kikapu sicho?" alisema. "Mbona Vicenti, marehemu mume wangu, kasomwa pale pale? Na baba yangu pia. Karatasi ilikuwa yenyewe. Elia ndiye aliyeongezwa."

Bi Sharifa aliweka sahani chini, akaaga bila utani.

Mama alimsogelea binti yake. Sasa hakufoka tena, na hilo lilimtisha Theresia zaidi.

"Kuna barua imekuja? Kuna mtu kavuka na habari? Niambie, mwanangu."

Huko ng'ambo vita ilikuwa haijaisha. Mwaka ule walipokimbia, mama alitangulia kuvuka na mizigo. Watoto wangeletwa na mjomba wiki inayofuata. Mjomba alifika na Theresia tu, nguo zao zimelowa. Mdogo nimemwacha kwa bibi, alisema, njia ilikuwa mbaya. Baada ya hapo njia ikafungwa kabisa. Tangu siku hiyo mama alikataa kuitwa Mama Theresia, jina alilolizoea miaka yote. Niiteni Mama Elia, aliwaambia majirani wapya, ili huko aliko asidhani nimemsahau.

"Theresia! Nani kakwambia uandike?"

"Mimi," alisema mjomba.

Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Theresia aliinua uso. Mjomba hakuwahi kumwambia aandike chochote. Kwa miaka mitano hawakuwahi kulitaja jina lile wakiwa wawili.

"Hakubaki kwa bibi, dada. Nilikudanganya. Mtumbwi ulijaa maji katikati ya mto. Nilikuwa nimemshika mimi. Akaniteleza."

Nje kuku walisikika wakiparua mchanga.

"Miaka mitano," mama alisema polepole, "nakupakulia chakula. Nakutazama unakula. Unaniona ninashona."

"Nilaumu mimi, dada. Ni mimi tu."

"Toka."

"Dada..."

"Toka, Petro! Usikanyage tena hapa. Hata nikifa, usije kunizika."

Mjomba alivaa kofia. Hakujitetea. Kabla ya kugeuka alimtazama Theresia, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemnyamazisha mtoto asiamshe wagonjwa. Kisha akatoka uani, mgongo umeinama, hatua zake za kizee zikielekea barabarani.

Mama alikaa chini, akamvutia Theresia kifuani pake. Ilikuwa miaka mingi hajamkumbatia hivyo.

"Nimebaki na wewe," alilia. "Mungu kaniachia wewe."

Theresia aliuondoa mkono wa mama begani pake.

"Mrudishe mjomba," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Yeye alikuwa mbele, anapiga kafi. Elia alinishika mimi. Hakuteleza, mama. Nilimbandua vidole, kimoja kimoja."