Mkono wa Nahodha Sharwani

Chusa, mkuki uliofungwa kamba, kilipomwingia nyangumi ubavuni, alizama akiiburuta mashua kwa kamba kama kijiti. Maji yakaanza kumiminika ndani.

"Kata kamba!" wapiga makasia walipiga kelele.

Makungu akanyanyua shoka. Kabla hajalishusha, baba mkwe wake, Nahodha Sharwani, alijitupa mbele yake, akauviringisha mkono wake wa kushoto kwenye kamba mpaka nyuzi zikazama nyamani.

"Nyangumi huyu ndiye aliyemuua mwanangu," alisema. "Ukitaka kukata, anzia hapa."

"Baba, niachie. Tutakufa sote. Wenzako wana watoto."

"Mimi sina tena."

"Na binti yako niliyemuoa, je?"

Mzee aliikaza kamba zaidi. Mashua iliinama, wimbi likamzoa mpiga kasia wa mbele, wala hakuibuka. Makungu alifumba macho, akapiga. Shoka liligonga mfupa. Akafumbua macho, akapiga tena kwa nguvu zake zote, na safari hii likapita kwenye mkono na kwenye kamba pamoja.

Mashua iliruka juu, kisha ikatulia, imejaa maji na damu. Makungu alirarua shati lake, akakifunga kigutu huku akilia kwa kwikwi. Sharwani hakulia. Alikuwa akitazama mbali, mahali ambapo nyangumi alikuwa ameibuka, akirusha maji mekundu hewani.

"Pigeni makasia," alisema kwa sauti ya chini. "Hajafika mbali."

Kisha, nyuma ya mgongo wa Makungu, kasia moja liliingia majini.